Mikia ya Maneno Kibarazani kwa Bibi

Mwezi uliopita nilipita mtaa wa Kanyenye, mjini kwetu, kutafuta chaja ya simu. Kijana wa dukani akaniangalia kwa huruma: "Bosi huwa anakujaga saa kumi, mama. Yeye ndo huwaga nazo." Ndugu yangu, ile "ga" ilinipiga kifuani kama mpini wa jembe. Nikainua macho. Pale niliposimama, kati ya vioo na makava ya simu, ndipo kilipokuwa kibaraza cha bibi yangu, mama mzaa mama.

Hiyo "ga" unaijua. Sisi wa huku tunaibandika kila mahali, nendaga, fanyaga, sijawahigi, na tumeitoa kwenye Kinyamwezi. Mwalimu wetu wa shule ya msingi aliichapa viboko kuliko alivyotuchapa sisi. Alisema Kiswahili sanifu hakina mdudu huyo. Nilipomsimulia bibi, alicheka hadi kanga ikamdondoka kichwani. "Mwambie mdudu huyo alikuwa mjini hapa kabla babu yake mwalimu hajajua kutambaa!"

Bibi alikuwa na mchezo aliouita mikia. Sikujua kwamba wasomi wanaiita viambishi tamati mpaka nilipoingia masomo ya usiku, tayari mama wa watoto. Msimu wa karanga ukifika, gunia kubwa kuliko behewa la treni lilimwagwa mkekani, nasi tunamenya mpaka vidole vinaota sugu. Bibi anatupa neno, kila mmoja analitia mkia. Pika. Pikia, pikwa, pikika, pikisha! Ukikwama, masufuria yote ni yako, na yale ya kisamvu yaliyoungulia yalisuguliwa kwa majivu hadi ukamsahau mama yako. Ukishinda, unapewa matobolwa, viazi vilivyochemshwa vikakaushwa juani, vitamu mno ukivitafuna na karanga.

Hatukuishia kwenye Kiswahili. Kwa Kinyamwezi kupika ni kuzuga, kumpikia mtu ni kuzugila, na bibi alituonyesha kwamba mkia ni uleule, umebadili nguo tu. Jirani yetu mwenye duka, ambaye babu zake walifika na misafara, alipita na birika la kahawa akatuambia kwamba Waarabu wanaupa mji mkia wa "i", mtu wa Maskat anakuwa Maskati, na mtu wa Masr, yaani Misri, ni Masri kwa mtindo huohuo. Mimi nikaleta kutoka shuleni kwamba Mwingereza naye akibandika "er" kwenye "farm" anapata mkulima. Bibi akasikitika. "Maskini, na baridi yote ile, mkia wenyewe mfupi hivyo!"

Wazazi wangu walilima kijijini Igalula, na mimi nilikaa kwa bibi ili nisome mjini. "Shule hii utaimalizia kwangu, mke mwenza," alikuwa akiniambia. Hilo ndilo jina alilonipa, maana kwetu bibi na mjukuu ni watani, na mjukuu wa kike ni mke wa babu. Nililiamini neno lake kuliko jua la asubuhi.

Mwaka mmoja mjomba alimleta binti yake kutoka Sikonge akae nasi, amempakia kwenye baiskeli pamoja na dumu la asali. Alikuwa mpole, mzito wa maneno. Ukimpa pika, anakaa, anafikiri, halafu anasema, "Ugali." Nilimshinda kila jioni. Nilimshinda kwa lugha zote, na nyingine nikazitunga mwenyewe! Nikala matobolwa hadi tumbo likawa ngoma, naye akasugua masufuria. Bibi alitutazama, mara mimi, mara yeye, na mimi nilidhani ananisifu moyoni.

Shule zilipokaribia kufunguliwa aliniambia, "Panda treni ukamsalimie mama yako, wiki moja tu." Akanifungia mzigo yeye mwenyewe.

Mama alinipokea stesheni ya Igalula.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Afadhali umekuja na nguo zote."

"Zote za nini? Si nakaa wiki moja?"

Akautua mzigo chini. "Kwani bibi yako hakukwambia? Sasa anaweza kulea mtoto mmoja tu, umri umekwenda. Amesema wewe utasoma hata ukifundishwa na mbuzi. Mwenzio wa Sikonge asiposhikwa mkono, atapotea."

Kumbe kila jioni niliyoshinda nilikuwa najifukuza! Shule ya kijijini ilikuwa mbali, mwalimu anakuja mvua ikipenda, na wale mbuzi hawakunifundisha kitu. Nilimaliza la saba, sikuchaguliwa kwenda sekondari.

Likizo moja nilimkabili bibi. "Ulinidanganya, bibi." Akapiga kofi la furaha. "Nilikutania, mke mwenza! Na wewe ukaamini?" Majirani wakacheka. Kwetu anayemkasirikia mtani ndiye mkosa, na atatozwa hata kuku. Nikameza hasira na mate yake.

Bibi alipofariki, nami nilikuwa mtu mzima. Kwenye matanga wajukuu wana ruhusa ya kumtania marehemu. Nikajifunga kanga yake, nikainama mgongo kama yeye, nikaingia katikati ya akina mama. "Mwongo mkubwa huyu!" nikasema. "Amenitupa porini kwa sababu nina akili! Amenichekea usoni huku ananifungia mzigo! Nani atanirudishia shule yangu?" Wanawake waligaragara mkekani. Mmoja akajifuta machozi akasema, "Huyu mtoto anajua kutania, kamshinda hata marehemu." Hata binti wa mjomba alicheka, akinishika bega asianguke. Nami nilikuwa sijatania hata neno moja.

Siku hizi misibani kuna spika na mshereheshaji, na wajukuu wamekaa kimya na simu zao. Karanga zinanunuliwa zimeshamenywa. Cheti changu cha masomo ya usiku kipo, nimekitundika ukutani, na wageni wakikisifu natamba hadi bati linatikisika. Wakishaondoka nyumba inanyamaza, na ndipo ninapotamani ugomvi. Aliyenisaliti ndiye peke yake duniani niliyekuwa na haki ya kumtukana akacheka, na hakuna mwingine aliyeteuliwa kushika nafasi yake.