Dobi na Choo Cheupe cha Mjukuu

Miaka arobaini dobi alikula kwa madoa. Damu, kutu, wino: alilitazama doa akajua limetoka wapi, na mwenye nguo anaficha nini.

Mkewe alipofariki, mwanawe alihamia kwake na mke na kichanga. Mwana alikuwa dereva wa malori, siku nyingi hayupo. Nepi za mjukuu akazifua dobi. Zilimpa mikono kazi.

Mtoto alipofika wiki ya sita akaanza kushuku. Macho yake yalikuwa ya manjano, mkojo umekoza kama chai. Lakini choo kilikuwa cheupe kama chokaa, nacho hakikuacha doa. Mtoto wa kunyonya huacha umanjano usiotoka hata kwa jua la siku tatu.

Huyu mke wa mwanangu anamlisha kitu, akawaza. Akapekua jikoni. Akanusa chupa. Mwisho akaficha nepi moja bila kuifua, akamwendea mkaza mwana wake.

"Unampa nini mtoto?"

"Maziwa yangu, baba."

"Maziwa hayatoi chokaa."

"Kwa hiyo mimi ndiye mchawi wa nyumba hii."

"Sijasema."

"Umesema kwa macho tangu juzi. Mpaka debe la unga umelinusa, unadhani sikukuona? Twende hospitali, ukanishtaki na hiyo nepi yako."

Wakaenda. Daktari aliitazama nepi zaidi kuliko alivyowatazama wao.

"Umefanya la maana kuileta, mzee. Rangi ya choo hutokana na nyongo. Huyu nyongo yake haishuki."

Vipimo vya siku mbili vikasema hivyo hivyo: mirija ya nyongo imeziba.

"Nani kaiziba?" Dobi alimwangalia mkaza mwana kwa jicho la pembe.

"Si mama yake. Sababu hasa haijajulikana. Inashukiwa kirusi hupita, kinga ya mwili ikapigana nacho, kisha isijue vita vimekwisha. Ikaishambulia mirija yenyewe."

"Mwili wake mwenyewe?"

"Tunashuku tu. Hatujui."

Kikulacho ki nguoni mwako, sawa. Ila "hatujui" dobi aliwahi kuambiwa pia kando ya kitanda cha mkewe alipokuwa akifa.

"Apasuliwe wiki hii," daktari alisema. "Tuunganishe utumbo na ini. Tukichelewa, ini litaharibika."

Mkaza mwana alipewa karatasi ya kuridhia. Akaiweka kalamu chini.

"Akifia mezani, baba huyu atasema nimemuua."

Dobi akamgeukia.

"Mwanangu, nilikosa. Nilitafuta mtu wa kumlaumu, na wewe ulikuwa karibu."

"Na akifa?"

"Sitasema neno. Wala sitakutazama vile."

Mkaza mwana alimpima baba mkwe wake kwa macho. Kisha akatia saini.

Nesi akaja kumchukua mtoto. Dobi akamuuliza jina lake, na jina la mpasuaji, na mlango watakaotokea. Akavuta kiti, akauelekea huo mlango. Mkaza mwana akaja kukaa kando yake.