Mafundo ya Mama Mbele ya Jaji

Harufu ya mawese yanayochemka ndiyo iliyotupokea Rumonge tuliporudi kwetu kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania, nami nikiwa msichana wa miaka kumi. Mwaka huo mchukuzi mmoja wa baiskeli alihukumiwa kifungo cha maisha kwa kuwaua wanawake watatu, wauza mawese wote, katika njia ya michikichini. Njia hiyo ndiyo iliyokwenda shuleni kwetu. Alipokata rufaa, mama alinizuia nyumbani. "Akiachiwa huyo, wewe na shule basi." Mimi, niliyekuwa wa kwanza darasani (si majivuno, madaftari yapo), nikabaki kumenya mihogo.

Ushahidi mzito ulikuwa wa mama mwenyewe. Nyumbani kwa mchukuzi zilikutwa bidoni za marehemu, madumu yao ya mawese, naye mama, aliyeuza sokoni pamoja nao, akazitambua kwa mafundo. Kwetu kila mwanamke huziba bidoni yake kwa jani la mgomba, akalikaza kwa kamba, na mkono haudanganyi. Siku ya rufaa mama alinichukua mahakamani, na avoka, wakili wa mfungwa, akaucheka ushahidi wake.

"Mama, fundo iko fundo. Umetoka Tanzania juzi, utajua mikono ya watu wa hapa?"

"Na hiyo tai hukuifunga wewe, baba," mama akajibu. "Imefungwa na mtu aliyesimama mbele yako."

Watu waliangua kicheko. Jaji hakucheka. Aliagiza wauzaji kumi watoke nje, kila mmoja afunge bidoni, kisha zichanganywe. Mama akazipapasa moja moja, akitaja wenyewe. Ya tisa aliigeuza mara mbili, akalirudia fundo kwa kidole gumba.

"Hii wameifunga wawili," akasema hatimaye. "Mmoja ameanza, mwingine amekaza."

Bibi mmoja akainua kidole kilichofungwa kitambaa. "Ni kweli, Mheshimiwa. Kidole kinauma, jirani amenisaidia."

Rufaa ikatupwa. Alikata tena, mahakama ya juu, nako wakaithibitisha hukumu. Kesho yake mama alinifungulia mlango.

Leo nina diploma ukutani na nyumba ya matofali niliyoijenga kwa jasho langu. Wakiniita mwanamke aliyejiinua mwenyewe, huwa siwakatizi. Lakini mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani: wa kushukuriwa ni mama, aliyesimama kizimbani na kandambili zake. Wasichana ninaowafundisha hupita michikichini wakiimba, wakisukumana, wakichelewa. Huwagombeza kwa kuchelewa. Jina la yule mchukuzi hawalijui, nami sitawaambia.