Jina Ndani ya Ubeti wa Tatu

Mimi sina subira na watu wanaomsifu mtu mpaka anageuka malaika, kwa hiyo niseme mapema: Goretti si malaika. Akikuazima sufuria atakuuliza habari zake kila mkikutana kwenye bomba la maji. Kwenye mazoezi ya korali akisikia sauti imepotoka anasimamisha watu wote, halafu anakutazama wewe mkosaji mpaka utamani ardhi ikumeze. Mimi Bénédicte nimeimba nyuma yake hapa Rubondo, kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, tangu kanisa letu lilipokuwa miti minne na turubai, na nimetazamwa hivyo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Lakini nyimbo zote tunazoimba ni zake. Anazitunga shambani akipalilia maharage. Ukipita pale asubuhi unajua Jumapili tutaimba nini.

Shingo yake ilianza kuvimba polepole. Ni rovu. Kwanza alifunga kitambaa, akasema ni baridi. Baridi gani, kwani mimi sijui baridi? Mwishowe alianza kukosa pumzi akiimba, tukaenda naye hospitali Mbarara, na daktari akamwambia uvimbe utolewe kabla haujabana njia ya hewa. Akamwambia na la pili bila kuzungukazunguka: mishipa ya sauti iko palepale, sauti inaweza kubadilika, inaweza hata isirudi. Akampa tarehe, baada ya mavuno.

Tulikuwa tunamenya mihogo uani kwake alipolitoa la moyoni.

"Mama Parfait," akaniambia, "miye sauti ya mama yangu nimeisahau. Kule kwetu Sange kote batu balimujua kwa kuimba. Alikufa mu vita na hakuna mutu alimurekodi. Nyimbo zake ninazo, lakini sauti imetoka mu masikio. Sitaki Néhémie anisahau vile."

Néhémie ni mwanawe, hana mwingine. Nikaendelea kumenya.

Basi alitaka kitu kimoja tu: wimbo mmoja urekodiwe vizuri kabla ya kisu. Alitaka ule tunaouita Mavumbi, ambao kila ubeti unauliza ni nani ataniinua mu mavumbi, na sisi tunajibu. Tulijaribu kwa simu yangu siku ya upepo mkali, nikajiona fundi. Tulipousikiliza, turubai ndilo lililoimba sauti ya kwanza, na mbuzi wa jirani akachukua ya pili. Goretti alicheka mpaka akakohoa. Baadaye nilimkuta amekaa peke yake, hacheki tena.

Hapo ndipo akaingia Boss Thaddée. Nisimseme vibaya kupita kiasi, maana mtoto wangu Parfait alipougua, lori lake ndilo lililompeleka kliniki. Thaddée alifika Nakivale kama sisi wote, akiwa na ndala mguu mmoja. Akaanza kununua maharage kidogo kidogo, akayapeleka Kaberebere, akafika Mbarara, leo ana lori na stoo. Mungu amempa. Tatizo ni kwamba alianza kusahau nani kampa nani. Kanisani ana kiti chake mwenyewe cha plastiki, chenye mikono, na mtu mwingine akikikalia shemasi anakuja mbio.

Alikuja mazoezini akasema atalipia studio kule Kakiika, atatubeba na lori lake, na atatununulia vitenge vya sare. Wanakorali walipiga vigelegele. Hata mimi nilipiga, na vigelegele vyangu vinasikika mbali. Kisha akanyoosha kidole.

"Mama Néhémie, miye siombi vitu mingi. Ile fasi, pale munajibu 'Ni Yesu, ni yeye tu,' museme 'Ni Boss Thaddée, ni yeye tu.' Ubeti wa tatu peke. Wa kwanza ni wa Yesu, wa pili wa Yesu. Tunamwachia mbili! Atakasirika juu ya nini?"

Ambaye si Mkongo atashangaa, lakini kwetu jambo hili lina jina. Wanamuziki wetu wa dansi hutaja tajiri katikati ya wimbo, naye anawatunza. Tunaita kutupa libanga. Ukisikiliza wimbo wa mapenzi, katikati utasikia jina la muuza saruji, na hakuna anayeshtuka. Siku hizi mtindo umeingia mpaka kwenye nyimbo za Mungu. Kwa hiyo tusijifanye kwamba Thaddée alileta kitu kigeni. Aliomba kile ambacho wengine wanapewa.

Goretti alijaribu kumpooza. "Patron, tutakushukuru mwisho wa wimbo. Nitataja jina yako muzuri, na ya mama yako."

"Mwisho wa wimbo nani anasikiliza? Batu banazima!"

Goretti akaenda kwa Mchungaji Mihigo. Mchungaji alikuna kichwa. Thaddée alikuwa amemwahidi mabati, na turubai lilikuwa limechanika upande wa mimbari. "Tusimukasirishe mufazili," akasema, "Mungu anaangalia moyo." Sentensi hiyo nimeisikia sana maishani, na mara nyingi inasemwa na mtu ambaye hataki moyo wake uangaliwe.

Goretti akakubali. Nilimwona anavyokubali: aliishika shingo yake kwanza, ndipo akaitikia kwa kichwa. Tukaanza kufanya mazoezi na jina. Mwanzoni ulimi uligoma, wengine walijibu Yesu, wengine Thaddée, ikawa fujo. Goretti akatusahihisha kama kawaida yake, tukarudia, tukarudia, mpaka jina likakaa mdomoni lenyewe. Mtu anazoea kila kitu, kweli kabisa, hata kiatu cha kubana.

Siku moja Thaddée alimleta mama yake mazoezini asikie jina la mwanawe. Ni koko Pulchérie, bibi aliyekuwa haoni tena vizuri, lakini masikio yake yalikuwa mazima na mdomo mzima zaidi. Tukamwimbia. Tulipofika kwenye ubeti wa tatu tukajibu kwa nguvu, ni Boss Thaddée, ni yeye tu. Koko akainua mkono.

"Thaddée gani?"

"Ni miye, mama," Thaddée akasema huku anatabasamu.

"Weye? Weye unainua nani mu mavumbi? Miye njo nilikuinua mu mavumbi! Ulikuwa unakula udongo sawa kuku, nakutoa na kidole mu kinywa!"

Yesu wangu! Kanisa zima liliangua kicheko. Mpiga ngoma aliangusha fimbo. Thaddée naye akajilazimisha kucheka. Ila Goretti hakucheka. Alimtazama yule bibi, kisha akasema mazoezi yameisha, na hata jua lilikuwa halijazama.

Siku ya kwenda studio tulipanda lori la Thaddée, tumekaa juu ya magunia ya maharage na vitenge vipya mapajani ili visichafuke. Kutoka Nakivale mpaka Kaberebere kila mtu aliimba. Goretti alinyamaza, nikasema anatunza sauti.

Studio ilikuwa chumba kidogo nyuma ya nyumba, kuta zimebandikwa magodoro. Fundi wake, Meddy, kijana wa Uganda mpole, alitupanga, akamweka Goretti mbele ya mikro ya peke yake. Thaddée alikaa upande wa pili wa kioo, miguu ameikunja.

Nawaambia, sijawahi kumsikia Goretti akiimba vile. Ubeti wa kwanza ni wa njaa. Wa pili ni wa kukimbia usiku. Meddy alikuwa amefumba macho, anatikisa kichwa. Kisha ubeti wa tatu, ambao unasema siku wote watarudi nyumbani na kuniacha peke yangu, ni nani ataniinua mu mavumbi? Goretti aliimba mpaka "kuniacha peke yangu." Akanyamaza. Swali hakuliuliza. Sisi tulikuwa tumefungua midomo tayari na jibu letu.

"Nyabo, nini mubaya?" Meddy akauliza; nyabo kwao ni mama. "Unataka maji? Maji iko."

Akanywa. Tukaanza tena ubeti wa tatu, akanyamaza palepale. Thaddée akatoka nyuma ya kioo.

"Mama Néhémie, ni nini?"

"Patron, ulishasikiliza ubeti wa tatu unasema nini? Ni wa kaburi." Mkono wake ulikuwa shingoni. "Siku ile batu batarudi, banitupiye udongo juu, nitaita jina gani? Nikiita yako utakuja?"

"Lakini ni jina tu!"

"Kama ni jina tu, basi tulitoe."

Thaddée akakosa la kusema, na mtu mwenye lori akikosa la kusema anakasirika. Akasema amedharauliwa mbele ya watu. Akasema kama wimbo ni wa Yesu, basi Yesu alipie studio. Akamwambia Meddy afute. Meddy alimwangalia Goretti, akaniangalia mimi, akasema kwa sauti ya chini, "Mimi napenda huyu wimbo sana, nyabo. Lakini mwenye kulipa amesema." Akafuta. Kilikuwa ni kitendo cha kidole kimoja.

Lori liliondoka bila sisi, vitenge tumeshavirudisha, vimekunjwa. Tulirudi juu ya gari la matoke, kwa hisani ya dereva mmoja Mnyankole aliyetuonea huruma, na njia nzima wanakorali walimsema Goretti. Eti ana kiburi. Eti anajifanya mtakatifu kuliko mchungaji. Mimi niliwaambia wafunge midomo, vumbi litaingia. Lakini kusema kweli nilikuwa na hasira naye kuliko wote. Nilitaka kumtikisa. Si kwa ajili ya kitenge, bwana! Sauti yake ilikuwa imeshakaa ndani ya ile mashine, nzuri namna ile, na sasa haipo popote.

"Ungemuimbia tu, kisha ukatubu," nikamnong'oneza.

"Nilifikiri vile," akasema. "Nilifikiri vile njia yote ya kuja. Lakini Néhémie angekuwa anasikia nini? Mama yake anaimba jina ya mutu wa maharage."

Jaribu halikumwacha hapo. Karibu na siku ya upasuaji, Thaddée alituma mtu: bado ana moyo mzuri, jina litatajwa mara moja, tena taratibu, gari liko tayari hata kesho. Mjumbe alikaa akisubiri jibu. Goretti aliingia ndani, akakaa huko muda mrefu. Nilimsikia analia, na nilijua analilia nini, kwa hiyo sikuingia. Alipotoka alikuwa amenawa uso. Akampa mjumbe maharage mabichi ampelekee koko Pulchérie, na akasema, "Mwambie patron aksanti. Ni apana."

Alipasuliwa, akapona. Sauti haikurudi. Kilichobaki ni mkwaruzo, kama mlango wa bati unaoburuzwa. Anaongea, tunamwelewa, anaendelea kutugombeza kwenye mazoezi, ila sasa anatumia macho zaidi, na hilo ni baya kuliko mwanzo. Wimbo ninauongoza mimi. Siwezi kama yeye, najua, msiniambie.

Kisha koko Pulchérie akafariki.

Kwetu korali haichagui msiba. Hata kama mmegombana, mtu wenu akifa mnakwenda kuimba. Thaddée alikuja mwenyewe kwa Goretti, kwa miguu, bila lori. Alisimama mlangoni akasema mama aliomba ule wimbo wa Mavumbi. Goretti akasema sawa. Hakuna aliyeuliza habari ya jina. Thaddée hakusema, na Goretti hakusema.

Watu walijaa makaburini. Jeneza likashushwa, tukaanza. Ubeti wa kwanza ulipita, wa pili ukapita. Nilipoingia wa tatu nikaanza kuogopa, maana nilijua midomo yetu imefundishwa nini. Nikaimba kwamba siku wote watarudi nyumbani na kuniacha peke yangu, ni nani ataniinua mu mavumbi? Korali ikanyamaza kimya. Kila mmoja alikuwa na majibu mawili mdomoni, na kila mmoja aliogopa lipi litatoka. Goretti alikuwa amesimama mbele yetu, mkono juu, hauteremki. Nilisikia sepetu ikiwekwa chini.

Thaddée alikuwa amepiga magoti ukingoni, ana udongo kiganjani wa kumtupia mama yake. Alimtazama chini kule. Kisha akaimba. Hana sauti, jamani, hajawahi kuwa nayo, aliimba anavunjikavunjika na kamasi zinamtoka.

"Ni Yesu," akaimba, akakwama, hakuweza kumaliza.

Aliyemmalizia ni Goretti. Kwa ule mkwaruzo wake, peke yake, mbele ya watu wote, akaimba, "Ni yeye tu."

Mimi nililia mpaka nikasahau kwamba mimi ndiye niliyekuwa naongoza. Mtoto wa Goretti, Néhémie, ndiye aliyenigusa mkono niendelee. Simu yangu ilikuwa mfukoni wakati wote, na hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kurekodi.