Mwizi wa Luka na Wezi wa Mathayo

Majuzi tukiwa jikoni, hapa Kitale, binti yangu alinionyesha kitu kwenye simu yake. Ukigusa mahali fulani, Injili zinajipanga bega kwa bega, Mathayo huku, Luka kule, habari ileile mara mbili. Yeye alifurahi. Mimi niliweka kisu chini, sukuma wiki ikabaki nusu haijakatwa. Ngoja nikueleze kwa nini.

Nilipokuwa na miaka kumi nilipelekwa Misikhu, kwa nyanya yangu, likizo ile ndefu ya wakati wa mavuno. Sote tulimwita Kukhu. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kumsomea Biblia. Tukishamaliza ugali wa wimbi na mboga ya mrenda, tulitandika gunia uani. Yeye alipukuchua mahindi kwa mikono, punje zikidondoka kwenye beseni, na moshi wa magunzi ukitoka jikoni ukituwasha macho.

Kila siku alitaka kwanza habari ya wale wezi wawili waliosulubiwa pamoja na Yesu. Mmoja alitukana. Mwenzake akamkanya, akaomba akumbukwe, akaahidiwa kuwa peponi siku hiyohiyo. Ndivyo Luka anavyosimulia, na Biblia ya Kukhu ilijifungua yenyewe hapo, ukurasa ukiwa umechakaa kwa vidole. Sababu niliijua, ingawa watoto hatukutakiwa kuijua. Kifungua mimba wake, baba yangu mkubwa, aliuawa na umati karibu na Chwele kwa wizi wa ng'ombe, mimi sijazaliwa. Jirani mmoja alikuwepo. Ndiye aliyerudi akamwambia Kukhu kwamba mwanawe alikufa akiomba msamaha.

Siku moja nikajitia ujuzi. Niliona habari ileile katika Mathayo, nikafikiri nitampa zawadi, mwizi wake kwa mara ya pili. Nikasoma kwa sauti. Wezi wote wawili walitukana, habari ikaishia hapo.

Mikono yake ikasimama.

"Umeruka mstari," akasema.

"Sijaruka, Kukhu."

"Ati wote wawili? Soma tena, pole pole."

Nikasoma tena. Akanituma kwa Marko, na Marko akasema vilevile. Yohana aliwataja tu, hakuwapa hata neno moja.

"Na Luka bado anasema yake?"

"Bado."

Kuku wakaja wakala mahindi kwenye gunia, naye hakuwafukuza. Mimi nilichanganyikiwa kabisa. Sikujua nimemsomea ukweli au nimemfanyia ubaya, wala kama mtu anaweza kufanya yote mawili kwa pumzi moja. Jumapili nikamwuliza mwalimu wetu wa kanisani. Akasema Neno la Mungu halipimwi kwenye mizani kama mahindi, nikae chini. Nikakaa.

Jumatatu Kukhu alichukua fimbo yake, akaniambia nimshike mkono twende kwa yule jirani. Tulimkuta akifunga mbuzi. Akamletea Kukhu kiti, lakini Kukhu hakuketi.

"Siku ile ya Chwele," akamwuliza, "mwanangu alisema nini?"

"Si nilikwambia, mama?"

"Niambie tena."

Mzee aliniangalia mimi kwanza. Kisha akainama kwenye kamba yake. "Aliomba msamaha," akasema.

Tulirudi mpaka kwenye kijito. Hapo Kukhu akasimama.

"Yule mzee alipokuwa akisema, alikuwa ananiangalia?"

Maji yalikuwa yakipita kwenye mawe. Nakumbuka mkono wake ndani ya mkono wangu, mkavu, una vumbi la mahindi.

"Ndiyo, Kukhu," nikasema. "Alikuwa anakuangalia."

Alitikisa kichwa kukubali. Mchana ule akanirudisha kwa Luka, nikasoma mpaka mwisho, na kesho yake tena. Habari ya Mathayo hakuitaja tena. Kama aliniamini, au aliamua tu kuniamini, sikuweza kujua, na niliogopa sana kumwuliza.

Mambo hayo yote yamekwisha. Kukhu alizikwa pale Misikhu, nyumba yake ikaanguka, na uani pale sasa pamepandwa miwa. Jirani naye amekufa. Mara nyingine nafikiri yule mzee alikuwa tu anafunga fundo, na mtu akifunga fundo lazima aangalie kamba. Mara nyingine nakumbuka jinsi alivyoanza kwa kuniangalia mimi. Sijawahi tena kusikia mtu akipukuchua mahindi kwa mkono huku akisikiliza kila neno kana kwamba maisha ya mtu yanategemea mstari unaofuata.

Watoto wa ukoo wetu huko Bungoma huniuliza baba mkubwa alikufaje, maana mimi ndiye niliyebaki ninayejua. Nawaambia aliomba msamaha. Kisha nanyamaza, kwa sababu hata leo sijui kama hiyo ni habari niliyoisikia au ni habari niliyosaidia kuitunga.