Vakansi Ambayo Mama Hakuiamini

Mdogo wangu wa kike aliolewa Zambia, na kwa miaka mingi alitupigia simu kwa habari za kawaida tu: watoto, mvua, unga. Siku moja akamwomba mama aende kwake vakansi, apumzike kidogo, wakatazame wanyama porini. Mama alikuwa amekaa mlangoni kwetu mtaa wa Katoyi, hapa Goma, akichambua maharage. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema atafikiri, akanirudishia simu.

"Mudogo wako iko na shida gani?" akaniuliza.

"Hana shida, mama. Anataka upumzike."

"Miye nilizaliwa Vitshumbi, kando ya ziwa. Viboko walikuwa wanapita kati ya nyumba zetu kama mbuzi. Nani anapanda ndege kwenda kutazama kiboko?"

Nilimpigia mdogo wangu, naye alikuwa na sababu tayari. Zambia mtu anatembea porini kwa miguu, si kukaa garini tu. Watalii si wengi. Watu ni wapole, hawakuharakishi. Na barabara zake ni barabara tu: unasinzia, ukiamka umefika. Hiyo ya mwisho ilinigusa, kwa sababu njia yetu ya kwenda Vitshumbi hatuipiti bila kwanza kuuliza ni kundi gani la wenye bunduki limeamkia huko. Lakini mdogo wangu si mtu wa maelezo, na siku ile alieleza kama mtu aliyefanya mazoezi. Mwishoni akaongeza kwamba mama abebe dawa zake zote, na picha ya harusi yake na marehemu baba, na kuku awagawie majirani.

Nilimpa mama ujumbe kama ulivyokuwa. Akacheka kidogo.

"Mutu wa vakansi anagawa kuku?"

Kuku tuliwaacha kwa jirani, awatunze. Picha mama aliiacha ukutani.

Asubuhi mama na mimi tulivuka mpaka kuingia Rwanda, tukapanda ndege Kigali. Lusaka mdogo wangu na mume wake walitupokea vizuri, hata vizuri mno. Chumba cha mama kilikuwa na pazia jipya, kiti cha kuegemea, na Biblia ya Kinyarwanda, lugha ya mama, juu ya meza. Mama alifungua kabati, akalifunga, akanitazama.

Kisha mdogo wangu akatupeleka mbugani, kando ya mto Luangwa. Asubuhi ya kwanza alikuja kiongozi wetu, kijana mwenye sauti ya chini, pamoja na askari wa pori aliyebeba bunduki. Mama alikataa kushuka garini.

"Bunduki ile ni ya nani?" akauliza.

Kiongozi alieleza kwa Kiingereza, kwa kirefu. Mdogo wangu akatafsiri: "Ni ya kutulinda na wanyama, mama."

"Yeye amesema maneno mengi. Weye umeleta machache."

Ilibidi mdogo wangu arudie yote, neno kwa neno, huku kiongozi akingoja bila kuudhika. Askari naye aliona kinachoendelea. Akasogea mbali na gari, akaketi juu ya gogo na kugeukia mto. Mama alimtazama mgongo muda mrefu. Halafu akashuka, akanishika mkono, na tukaanza kutembea kwa mstari, yeye akigeuka kila mara kuona kama njia ya kurudi bado ipo.

Tulifika ukingoni, viboko wamejaa majini wakikoroma. Mama aliacha mkono wangu. Alisogea hatua chache mbele, akasimama, na nikaona mabega yake yakishuka. Sijui mara ya mwisho nilimwona vile ni lini. Alianza kusema peke yake kwa Kinyarwanda, taratibu, akitaja watu wa Vitshumbi ambao wengine nilijua wamekufa. Nilifikiri hofu imeisha. Ndipo akamwita mdogo wangu bila kugeuka.

"Mutoto wangu, unataka nibaki hapa?"

Mdogo wangu alitazama chini.

"Ndiyo, mama. Nikisikia habari za Goma silali. Nilijua nikikuomba ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo. Lakini ungeniuliza. Umenileta kama mbuzi anayefuata majani."

Mdogo wangu alilia pale pale, mbele ya wageni. Mama alimkumbatia, ila hakubadili neno lake: hatabaki. Tulikaa mbugani mpaka mwisho wa safari yetu, na kila asubuhi mama ndiye aliyekuwa wa kwanza kuvaa viatu. Alimwona twiga karibu, akamwona tembo akivuka mto na mtoto wake. Kisha tukarudi Goma, yeye na mimi, kama tulivyotoka.

Wanawake wa kwaya ya kanisa walipokuja kumsalimu walimuuliza kwa nini amerudi wakati wengine wanatafuta njia ya kutoka. Waliuliza wakichungulia ndani, kana kwamba labda amefukuzwa. Mama aliwaambia Zambia ni pazuri, na kwamba mwenye nafasi aende, kule pori linatembeleka.

Sasa wanazungumza kila Jumapili baada ya ibada, yeye na mdogo wangu, na wanacheka. Mimi bado sijatulia. Juzi mdogo wangu aliniuliza kama magoti ya mama yanaweza kuvumilia safari ndefu, nami nikamuuliza kwanza anataka kujua kwa nini.