Manjano Yaliyopigwa Jicho

Posa yangu ilipoletwa kutoka Pangani, mama mkwe alisifu sana manjano ya kwao. Mama yangu, kikombe cha kahawa mkononi, akamjibu kwamba sisi watu wa Bagamoyo hatumsingi mwari kwa manjano ya dukani, tunachimba uani. Uani kwetu wakati huo palikuwa na tangi la maji, kamba ya nguo, mgomba mmoja na kuku.

Basi ikabidi tuwe wakulima. Mbegu alituletea jirani yetu wa ukuta mmoja, kutoka kwa ndugu zake wa Lugoba. Huyu ni shoga wa mama tangu usichana wao, tena ni somo yangu: ndiye aliyenifunda nilipovunja ungo, na kwa desturi ndiye ambaye angenisinga, yaani kunisugua manjano mwilini, nikiwekwa ndani kabla ya harusi. Masika yalipoanza tukafukia vipande vya manjano mabichi, kila kimoja na chipukizi lake, si chini sana, kwenye udongo uliotifuliwa na kuchanganywa na samadi ya mbuzi. Tulivipanda kando ya mgomba ili jua kali lisiviunguze, juu tukatandaza majani makavu. Hakuna kazi zaidi ya hapo. Manjano yanataka unyevunyevu, maji yakituama yanaoza.

Yakaota, yakanenepa, na katikati ya majani mapana likachomoza ua, jeupe lenye wekundu kidogo nchani. Chema chajiuza, lakini mama hakuwa na subira ya kumngoja mnunuzi. Kila asubuhi alipiga picha na kuituma kwenye kundi la harusi la WhatsApp, hadi shangazi mmoja akauliza kama anayeolewa ni mimi au ni mmea.

Siku moja somo akapita kuazima kinu. Akalitazama ua akasema, "Haya manjano! Hata Lugoba sijayaona ya hivi!" Akachukua kinu akaondoka mbio, maana alikuwa na chungu motoni. Hakusema mashallah. Mimi sikugundua. Mama aligundua, akanyamaza nalo.

Lilipoingia joto la Januari, majani yakageuka rangi, yakalala, yakakauka. Mama akashika kichwa. Harusi ni Shaabani, mama mkwe ameshaahidiwa, na uani pamebaki takataka.

"Tumehusudiwa," akasema.

Nikamsomea kwenye simu kwamba manjano yakikomaa majani hukauka, na huo ndio wakati wa kuyachimba.

"Simu imemjua lini hasidi?" akaniuliza.

Akaitwa mwalimu wa madrasa. Akasoma, akaandika aya kwenye sahani kwa zafarani, ikaoshwa, na maji yale ya kombe yakamwagiwa manjano. Mwalimu akala pilau, akawaombea dua na kuku pia. Kesho yake somo akaleta vitumbua, kama alivyozoea. Mama akairudisha sahani vilevile, kitambaa hakijafunuliwa. Kwetu huhitaji tusi lingine. Somo hakukanyaga tena.

Wiki ya harusi, nikiwa nimeshawekwa ndani, mama alichukua jembe kwenda kuhakikisha msiba wake. Nilimwona dirishani. Pigo la kwanza tu, udongo ukafumuka manjano tele, manene, ya rangi ya kiini cha yai la kienyeji. Moyo wangu ukatua.

"Mama, yalikuwa yamekomaa tu! Mwite somo aje!"

Mama akafuta udongo kwa kanga, uso umejaa nuru. "Yalikuwa yamekufa," akasema. "Kisomo ndicho kilichoyafufua. Sasa ndiyo nimeamini kweli alituhusudu."

Nilikasirika. Manjano yakifa, somo ana hatia. Yakipona, hatia imethibitika. Mahakama ya mama haina rufaa.

Akatafutwa msingaji wa kukodi kutoka Vigwaza, mama mmoja mwenye mikono mikavu na simu isiyokatika. Akanisugua manjano yetu huku akimsimulia mtu habari za mgogoro wa kiwanja. Upande wa pili wa ukuta nikasikia kikohozi ninachokijua tangu utoto.

"Shikamoo, somo," nikaita.

Nikamsikia akisogea karibu na ukuta.

"Marahaba, mwanangu. Wanakusinga vizuri?"

"Wananisinga."

"Waambie wasisahau nyuma ya masikio. Pale ngozi yako ni nyepesi, wapapase taratibu."

Nikalia kama mtoto mdogo. Mwanamke wa Vigwaza akaiziba simu kwa kiganja, akamgeukia mama. "Mwari akilia hivi ni heri," akasema, na mama akapiga kigelegele.