Kabichi kwa Karabai

Watu wakishajua kwamba unapenda vitu vya kale, kwanza hukuletea vitu vibovu. Jirani yangu wa hapa Mafiga alinibebea televisheni yenye mgongo mkubwa, iliyokuwa imekufa muda mrefu. Shemeji yangu wa Kihonda, ambaye ana karakana ya milango ya chuma, alinipa feni isiyo na mapanga. "Shemeji," alisema, "hii ni ya kale kweli. Hata fundi ameikataa." Nilipokea vyote kwa mikono miwili, nikashukuru, na mke wangu akavitoa nje kimoja kimoja kila mwenyewe alipopinda kona.

Nilijaribu kuwaeleza tofauti. Kitu kibovu ni kile ambacho mwenyewe anataka kiondoke machoni pake. Kitu cha kale ni kile ambacho mtu akikiona anasimama, anacheka kidogo, halafu anaanza kusimulia. Ninavyo vichache vya namna hiyo. Nina pishi ya mti niliyoletewa na muuza nafaka mmoja, kwa sababu siku moja, nikisubiri anipimie maharage, nilimwambia kwamba bibi yangu alikuwa nayo. Nina pasi ya mkaa yenye jogoo wa chuma kwenye kifungo chake, niliyopewa na binti yetu. Kila kimoja nimekifunga kadi kwa uzi: ni nini, kimetoka wapi, nani kanipa, kimepokewa lini. Nilifanya kazi ya kuandika habari kwa miaka mingi, na ugonjwa huo haujapona.

Kinachonifurahisha, nikisema ukweli, si kitu chenyewe. Ni kwamba mtu alikuwa kwenye shughuli zake, hana habari na mimi, akaona pishi imetupwa pembeni, akanikumbuka.

Mke wangu hakuwahi kunipa hata kimoja. Yeye hutoa soksi na mashati, tena mazuri. "Ndani ya nyumba hii," husema, "wa kale unatosha wewe."

Mwaka ambao tulikuwa tunajiandaa kwa jubilei ya miaka ishirini na mitano ya ndoa, mke wangu alianza kupanda basi kwenda Dumila kununua vitunguu. Alikwenda mara tatu katika miezi miwili. Hapa Mafiga vitunguu vinauzwa hatua hamsini kutoka mlangoni petu. Nililiona jambo hilo, nikalitia akilini, nikalichunguza kwa utaratibu niliofundishwa kazini, na mwisho nikafikia uamuzi kwamba anapenda vitunguu vya Dumila. Tulikula vitunguu kwenye mchicha, kwenye mayai, kwenye kachumbari isiyo na nyanya. Kila nilipofunua uji asubuhi nilichungulia kwanza.

Siku ya jubilei, baada ya misa, watu walijaa uani kwetu. Ndugu walikuwa wameshuka kutoka vijiji vya milimani na ndizi zao, majirani walileta viti, na jirani wa televisheni, ambaye ni Mwislamu na ndiye mchinjaji wa mtaa, alikuwa ameshughulikia mbuzi tangu asubuhi. Wakati wa zawadi, mke wangu aliingia ndani akatoka na kitu kimefungwa kwenye kitenge. Akanikabidhi bila hotuba.

Nilifungua. Ilikuwa karabai.

Ilikuwa na tangi la shaba la mafuta ya taa, pampu, kofia yake na kioo kipya. Kidole changu kilipita ubavuni mwa tangi kikaingia mahali palipobonyea, na hapo nikajua ni karabai ipi. Ilikuwa ya marehemu mjomba, kaka yake mama, na ndiyo iliyowaka siku ya harusi yetu kule kijijini. Ilitundikwa kwenye nguzo ya turubai. Nilipoombwa nisimame niseme neno, nilisimama haraka mno, nikaigonga kwa paji la uso, ikaanguka juu ya jiwe. Kioo kilivunjika, tangi likabonyea, na bwana harusi akaondoka na kovu ambalo ninalo mpaka leo. Bibi harusi ndiye aliyecheka wa kwanza. Mjomba alipofariki, mwanawe aliichukua akahamia nayo Dumila, akawa anauzia samaki wa kukaanga pale kituoni mpaka umeme ulipofika. Tangu hapo sikujua iliko.

Sasa, mtu mwingine angelia. Mwingine angemkumbatia mkewe. Mimi nilisema, "Umeipata wapi?"

"Dumila," alisema akitabasamu.

"Kwa nani? Kwake mwenyewe au alikuwa ameiuza? Ilikuwa imehifadhiwa wapi? Mara ya kwanza kwenda ni lini?"

Watu walicheka. Mke wangu alianza kujibu, akajibu la kwanza, akajibu la pili, kisha tabasamu likaondoka kidogo kidogo. "Mume wangu," alisema, "nimekupa zawadi. Hapa si mahakamani."

Kabla sijafungua mdomo, alisimama mtani wetu.

Lazima nieleze hapa. Kwetu Waluguru, ukoo una ukoo mwenzake wa utani. Mtani anakuja kwenye shughuli yako bila kualikwa, anakutukana mbele ya padri, na akipenda kitu anakichukua. Huruhusiwi kukasirika. Kitu hicho hukombolewa, na mtani ndiye anayetaja cha kukombolea. Ukinuna, sharti linaongezeka. Kwa kawaida huchukua kuku, au sufuria ya pilau ikiwa na pilau yake.

Mtani wetu huyu ni mama mmoja wa rika langu, mkulima wa kabichi na karoti huko juu, mwenye sauti ya kuita watu waliopo mlima wa pili. Alikuja akaniondolea karabai mikononi kama anayempokea mtoto mchanga kwa mama asiyejua kunyonyesha.

"Jamani, mmemsikia?" aliuliza watu. "Miaka ishirini na mitano mwanamke wa watu anampikia, leo anamtafutia kitu mpaka Dumila, na huyu hajasema hata ahsante! Anauliza maswali! Basi hii imepata mwenyewe mwingine."

"Iweke chini!" nilisema.

Sikusema kwa utani. Nilisema kwa sauti yangu ya kweli, na uwanja mzima ukaisikia.

Mtani alifurahi mno. "Amenuna! Mashahidi, amenuna! Tazameni mdomo huo, unaweza kutundika kikapu!" Akaifunga karabai mgongoni kwa kitenge kilekile ilichokuja nacho, akabeba na nyama yake, akapanda mlima akiimba.

Wageni walipoondoka nilimkuta mke wangu anasuuza sahani. Nikachukua kitambaa nikaanza kufuta.

"Ilikaa mikononi mwako dakika ngapi?" aliuliza. "Wewe ndiye mwenye kuandika mambo."

"Kama nne."

"Mimi nilikwenda Dumila mara tatu." Akaweka sahani juu ya nyingine, taratibu. "Si kitu. Mwakani nitakupa soksi."

Nimewahi kusikia watu wakinigombeza kwa maneno makali zaidi, na hayakuniingia. Haya yaliniingia. Nilielewa kwamba nikiiacha karabai kule juu, sitapoteza karabai tu. Mke wangu alikuwa amejaribu mara moja kuingia kwenye mchezo wangu, na hatajaribu tena.

Nilituma watu kwanza. Mpwa wangu alipanda na kuku, akarudi na kuku. Dada yangu alipanda na sukari na kitenge. Mtani alivaa kitenge, akatia sukari kwenye chai yake, akasema hivyo ni vya salamu, mwenyewe aje. Jumamosi iliyofuata niliondoka nyumbani alfajiri, nikapanda bodaboda mpaka njia ilipoishia, kisha nikapanda kwa miguu. Saa moja na nusu nilimkuta uani kwake, amesimama kando ya tenga lililojaa kabichi. Karabai ilikuwa juu ya kiti, imefutwa inang'aa.

"Umechelewa," alisema. "Kabichi zinanyauka zinakusubiri wewe."

"Nimekuja kukomboa, mtani. Nimeleta..."

"Sitaki ulicholeta. Ulinuna?"

"Nilinuna."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu."

"Basi mbele ya watu utakomboa. Wanawake wa huku tunashusha mboga kichwani kila siku ya soko. Leo tenga langu utashusha wewe mpaka soko la Mafiga. Mimi nitabeba karabai. Ukifika bila kutua, ni yako. Ukitua njiani, nageuka nayo, narudi juu, nawashia kuku banda."

Nilimwambia nina miwani. Akasema kabichi hazijali. Nilimwambia nina mgongo. Akasema kila mtu anao. Alisokota ngata kwa kipande cha kanga, akaniwekea utosini, yeye na binti yake wakaninyanyulia tenga, na kwa mara ya kwanza maishani nikajua kichwa changu kinabeba nini na hakibebi nini.

Nilichojifunza katika robo saa ya kwanza ni kwamba ukiwa na tenga kichwani huwezi kutazama miguu yako. Unaiamini tu. Wanawake walionipita na mizigo mikubwa kuliko wangu walikuwa wakizungumza, mmoja akimenya ndizi. Mtani alitangulia ameinua karabai mbele yake kama shemasi kwenye maandamano, na kila tulipokutana na mtu alimtangazia.

"Mtani, umenunua punda?" aliuliza mama mmoja pale mtoni.

"Nimepewa. Alinuna."

"Ana meno yote?"

"Ana maswali yote! Muulize anachotaka kujua!"

Wanafunzi wawili walisimama pembeni ya njia. "Shikamoo, mjomba!"

"Usiitikie kwa kichwa!" mtani alipiga kelele. "Kabichi zangu!"

"Marahaba," nilisema kwa midomo tu.

Tulipofika kwenye lami kijana wa bodaboda alisimamisha pikipiki. "Mzee, weka hapa nikupeleke bure, jamani, mnamwua mzee wa watu."

"Mpeleke," mtani akamwambia, "mimi na taa tunarudi." Kijana akatazama karabai, akanitazama mimi, akaelewa; nadhani naye ana watani wake. Akatufuata polepole nyuma akipiga honi, kama tunasindikiza maharusi.

Tukaingia soko la Mafiga hivyo, na honi. Jirani yangu mchinjaji alikuwa wa kwanza kuniona. Aliweka kisu chini. "Jirani," aliita, "hizo kabichi nazo ni za kale?"

Sikuweza kucheka, maana shingo ilikuwa imeshaingia mabegani. Macho tu ndiyo yaliyokuwa yanazunguka, na ndiyo yaliyomwona mke wangu. Kila Jumamosi saa hizo hununua mboga. Alikuwa amesimama mbele ya fungu la mchicha, mkoba mkononi, mdomo wazi. Sikuwa nimemwambia ninakokwenda. Jasho lilikuwa limeniziba jicho moja, na miwani ilikuwa inaning'inia sikio moja.

Nilikwenda moja kwa moja nikasimama mbele yake.

"Ahsante," nilisema.

"Kwa nini?"

"Kwa karabai."

Alimtazama mtani, akatazama tenga, akanitazama mimi. Kisha akakunja mikono. "Umeanzia wapi?"

"Nyumbani kwake."

"Saa ngapi?"

"Mbili kasoro kidogo."

"Njiani umetua?"

"Sijatua."

"Nani amekuona?"

"Watu wote," nilisema. "Watu wote wa Uluguru."

"Na kwa nini hukusema ahsante siku ile?"

Hilo nililifikiria. Soko lilikuwa limesogea kusikiliza, hata wale wauza dagaa. "Niliigusa pale ilipobonyea," nilisema, "nikaona nikisema ahsante nitalia mbele ya wageni. Kuuliza maswali ndiyo kitu pekee ninachojua kufanya bila kulia."

Mke wangu alianza kucheka kwa ule mcheko wa siku ya harusi, anaoushikilia tumboni kwanza halafu unamshinda. Mtani akapiga vigelegele. "Mshusheni huyo," alisema, "shingo ikizama zaidi tutazika kabichi pamoja naye." Wakanishusha. Karabai ikarudi mikononi mwangu, na mtani akaanza kuuza kabichi palepale kwa watu waliokuja kutazama. Hazikuchukua muda. Alisema tangu aanze kilimo hajawahi kumaliza mapema hivyo, na kwamba nikinuna tena nimjulishe.

Karabai sasa ipo sebuleni, juu ya kabati, mbali na mahali ninaposimama. Mtani huja kuisalimia. Mara ya mwisho niliona anaiangalia sana pasi yenye jogoo, na tangu hapo akibisha hodi pasi huenda chini ya kitanda.

Jioni ya Jumamosi ile niliandika kadi kwa mwandiko wangu mzuri: Karabai. Ya marehemu mjomba. Imetoka Dumila. Nimepewa na mke wangu. Imepokewa siku ya jubilei ya ndoa yetu. Nikaiacha mezani ikauke, nikaenda kujikanda shingo kwa maji ya moto. Niliporudi nilikuta mstari wa mwisho umekatwa, na chini yake, kwa mwandiko wa mke wangu, imeandikwa: Imepokewa Jumamosi, sokoni.

Simruhusu mtu kusahihisha kadi zangu. Hii nimeifunga kwa uzi vilevile ilivyo.